Msuli Huvutaje

Msuli una kazi moja tu, nayo ni kuvuta. Hausukumi. Mkono unapokunjwa, msuli wa mbele, ulio kati ya bega na kiwiko, hufupika na kukivuta kigasha juu. Mkono unaponyooshwa, msuli huo hulegea na wa nyuma ndio unaovuta. Misuli zaidi ya 600 iliyoshikizwa kwenye mifupa kwa kano hufanya takriban asilimia 40 ya uzito wa mtu mzima, na hatua ya mguu, tabasamu na kupepesa kope vyote hutokana na mvuto huo. Mnofu anaoukata mchinjaji buchani ndio msuli huohuo. Watu wameushika, wameula na kuuchora tangu kale, lakini namna unavyofupika haikujulikana hadi mwaka 1954, baada ya maelezo mengi yaliyoaminiwa kwa karne nyingi kuporomoka moja baada ya jingine.

Galen, tabibu wa Kiyunani aliyezaliwa mwaka 129 huko Pergamon, mji uliokuwa katika nchi ambayo sasa ni Uturuki, alijifunza misuli kwenye majeraha. Kabla ya kuhamia Roma alikuwa akiwatibu watu waliopiganishwa viwanjani kwa silaha, na katika miili yao iliyopasuliwa na panga aliona kwamba misuli imepangwa jozi jozi: mmoja ukikaza, mwenzake hulegea. Mbele ya watazamaji alikata neva ndogo zinazokwenda kwenye koo la nguruwe aliyekuwa akipiga kelele. Mnyama akanyamaza papo hapo, ingawa aliendelea kuhema na kujitupatupa. Amri, basi, hutoka ubongoni na kupitia neva. Hapo Galen alikuwa sahihi kabisa. Alipoulizwa kinachopita ndani ya neva, alijibu kwamba ni pumzi laini inayotengenezwa ndani ya mwili. Jibu hilo lilidumu karne zipatazo kumi na tano. Ibn Sina alilipokea katika kitabu chake kikuu cha tiba mwanzoni mwa karne ya 11, na Andreas Vesalius, ambaye mwaka 1543 alichapisha michoro ya misuli ya binadamu ambayo haikuwahi kuonekana mfano wake, alionyesha kila msuli ulipo na unaposhikia, lakini mchoro wa msuli uliotulia haukuweza kueleza nguvu yake.

Katika karne ya 17 wazo la Galen lilipewa sura ya mashine. Mfaransa René Descartes alifundisha kwamba pumzi hiyo hutiririka kutoka ubongoni, huingia msulini na kuujaza. Msuli ukijaa huvimba, na ukivimba hauna budi kufupika. Watu waliyakubali maelezo hayo kwa sababu yalilingana na kile macho yanachokiona: mtu akikunja mkono kwa nguvu, msuli hututumka.

Aliyeamua kuupima uvimbe huo ni Mholanzi Jan Swammerdam, bingwa wa kuchunguza wadudu, katika miaka ya 1660. Alichukua msuli wa chura pamoja na neva yake, akauweka ndani ya chombo cha kioo kilichozibwa, chenye mrija mwembamba, na ndani ya mrija akatia tone la maji. Kama msuli ungeongezeka ujazo, hewa ya chomboni ingesukumwa na tone lingepanda. Aliisumbua neva, msuli ukafupika, na tone halikupanda. Wakati mwingine hata lilishuka kidogo. Hakuna kilichoingia. Msuli ulinenepa kwa kadiri ileile uliyofupika, na ujazo wake ukabaki palepale. Tena msuli huo ulikuwa umekwisha kutengwa na ubongo, kwa hiyo hapakuwa na mahali ambapo pumzi ingetoka. Jaribio hili dogo linastahili sifa kubwa kuliko inayopewa, kwa sababu uzito wake uko katika kutambua kitu ambacho hakikubadilika. Historia ya msuli itageuka mara mbili zaidi kwa njia hiyohiyo. Kwa bahati mbaya Swammerdam alikufa mwaka 1680, na maandishi yake hayakuchapishwa hadi 1737 na 1738, Herman Boerhaave alipoyatoa. Katika miaka hiyohiyo ya 1660 Mdenmark Niels Stensen alikuwa amefikia jambo linalofanana na hilo kwa hesabu za maumbo, katika kitabu cha mwaka 1667, na miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa amewashangaza wasomi kwa kuonyesha kwamba moyo, uliodhaniwa kuwa makao ya joto la uhai, ni msuli.

Pumzi ilipoondoka, umeme ukachukua nafasi yake. Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Bologna alichapisha majaribio yake ya miguu ya vyura iliyoshtuka ilipoguswa kwa metali, akidai kwamba ndani ya mnyama mna umeme. Alessandro Volta alimpinga, akisema umeme ule ulitokana na metali mbili tofauti kukutana, na katika kutetea hoja yake akatengeneza betri ya kwanza mwaka 1800. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Mwaka 1850 Hermann von Helmholtz alipima mwendo wa ujumbe katika neva ya chura, akapata mita 25 hadi 30 hivi kwa sekunde: mwendo wa haraka, lakini ulio chini sana ya ule wa umeme katika waya. Katika muongo huohuo Claude Bernard alichunguza sumu ya mishale ya Amerika Kusini iitwayo kurare, akaona kwamba mnyama aliyetiwa sumu hiyo msuli wake bado hukaza ukiguswa moja kwa moja, bali hausikii tena amri ya neva. Kuna kivuko, basi, kati ya neva na msuli, na sumu hukiziba. Kinachovuka hapo ni kemikali, asetilikolini. Kwa kazi zao kuhusu ujumbe wa kemikali kutoka kwenye neva, Otto Loewi na Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Hayo yote yalieleza jinsi msuli unavyoamriwa. Jinsi unavyotii lilikuwa swali jingine, na wa kwanza kulikaribia walikuwa watu wa hadubini. Antoni van Leeuwenhoek aliona mnamo 1682 kwamba nyuzi za msuli zina mistari ya kukingama. Mwaka 1840 Mwingereza William Bowman alieleza mistari hiyo kwa ufasaha: kila seli ya msuli, ambayo ni nyembamba lakini inaweza kuwa na urefu wa sentimita kadhaa, imejaa kanda za giza na za mwanga zinazopishana kwa mpangilio usiokosea. Mwaka 1869 Mjerumani Wilhelm Krause akaona jambo ambalo lingetosha kufumbua fumbo zima: msuli unapofupika, ukanda wa giza haubadiliki urefu. Ni ule wa mwanga tu unaopungua. Wenzake kadhaa wa karne hiyo waliliona pia. Kisha likasahaulika. Vizazi vilivyofuata vilipenda kemikali, vikaiona mistari ya hadubini kuwa jambo la pembeni, na vitabu vikaanza kuchora kanda hizo kwa namna zinazopingana. Huu ni mmoja wa usahaulifu mkubwa katika elimu ya mwili. Uligharimu zaidi ya miaka 80.

Kemikali nazo zilikuwa na mambo yake. Mwaka 1864 Wilhelm Kühne alikamua misuli ya chura na kupata protini aliyoiita mayosini. Mwaka 1907 Walter Fletcher na Frederick Hopkins wa Cambridge walionyesha kwamba msuli unaofanya kazi bila oksijeni hulimbikiza asidi ya laktiki, na kwa zaidi ya miaka 20 wengi waliamini kwamba asidi hiyo ndiyo inayousukuma msuli kufupika. Archibald Hill, aliyepima joto la msuli, na Otto Meyerhof, aliyefuatilia asidi hiyo, waligawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922. Kisha mwaka 1930 Mdenmark Einar Lundsgaard akawatia vyura kemikali inayozuia asidi ya laktiki isitengenezwe. Misuli yao ikaendelea kukaza, na asidi haikuongezeka hata kidogo. Kwa mara ya pili, kilichoamua shauri ni kitu ambacho hakikubadilika, na nadharia iliyopewa heshima kubwa ikaanguka katika muda mfupi. Akiba iliyopungua katika misuli ya vyura wale ilikuwa fosfokreatini. Chakula halisi cha msuli kikaja kujulikana kuwa ATP, molekuli yenye fosfati tatu iliyogunduliwa mwaka 1929. Fosfokreatini huirudishia fosfati yake upesi, na sukari na mafuta huijaza tena polepole. Mwaka 1939 Vladimir Engelhardt na Militsa Lyubimova, huko Moscow, wakaunganisha ncha mbili zilizokuwa mbali: mayosini yenyewe ndiyo inayoivunja ATP. Protini iliyodhaniwa kuwa kitambaa cha msuli tu ikawa pia injini yake.

Kazi iliyofuata ilifanyika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Albert Szent-Györgyi, Mhungaria aliyepata Nobel mwaka 1937 kwa utafiti uliohusu vitamini C, aliendelea na maabara yake katika mji wa Szeged huku Ulaya ikiwaka moto. Mwenzake Ilona Banga alikamua mayosini kutoka katika nyama ya sungura iliyosagwa. Akiikamua kwa dakika chache alipata majimaji mepesi. Akiiacha mpaka kesho yake alipata kitu kizito cha kunata. Mwaka 1942 kijana wa maabara hiyo, Brunó Straub, alibainisha sababu: katika ile iliyolala, protini ya pili ilikuwa imetoka na kushikamana na mayosini. Wakaiita aktini. Szent-Györgyi alitengeneza nyuzi kwa mchanganyiko wa protini hizo mbili, akadondoshea maji ya nyama iliyochemshwa, yenye ATP, na nyuzi zikasinyaa mbele ya macho yake. Mvuto wa msuli ulikuwa umeonekana nje ya kiumbe chochote, katika protini zilizosafishwa. Wajerumani walipoikalia Hungaria mwaka 1944, Szent-Györgyi alilazimika kujificha, na sehemu kubwa ya dunia ya sayansi haikusoma habari hizo hadi vita vilipokwisha.

Hata hivyo watu walioyasoma matokeo ya Szeged waliyafasiri vibaya. Wengi walidhani kwamba protini hizo ni ndefu na hujikunja, na kwamba msuli hufupika kwa sababu molekuli zake hufupika. Dhana hiyo ilionekana dhahiri kiasi kwamba ni wachache waliofikiri inahitaji kuthibitishwa.

Hugh Huxley, aliyekuwa ameshughulikia rada katika jeshi la anga la Uingereza wakati wa vita, alianza kuupiga msuli kwa eksirei huko Cambridge, akagundua dalili kwamba ndani yake mna nyuzi za aina mbili zilizopangwa sambamba. Mwaka 1953 alikuwa Massachusetts, alikokutana na Jean Hanson wa London, mwanamke aliyejua kuliko karibu mtu mwingine yeyote namna ya kuangalia vipande vya msuli kwa hadubini. Waliunganisha ujuzi wao. Walipoiyeyusha mayosini kwa maji ya chumvi, ukanda wa giza ulitoweka. Mayosini, basi, ndiyo nyuzi nene zinazoufanya ukanda huo kuwa wa giza. Nyuzi nyembamba za aktini hutoka kwenye mipaka ya pande mbili na kuingia katikati yake. Walipoongeza ATP, kipande kilifupika, na ukanda wa giza ulibaki na urefu uleule. Wakati huohuo, Cambridge, Andrew Huxley, ambaye hakuwa na udugu na Hugh, alikuwa ametengeneza hadubini yake mwenyewe na kuangalia seli moja moja hai za msuli wa chura pamoja na Rolf Niedergerke. Naye aliona hivyohivyo. Pande hizo mbili zilikubaliana kutoa habari kwa pamoja, na makala zao mbili zilifuatana katika jarida la Nature la tarehe 22 Mei 1954. Jambo aliloliona Krause mwaka 1869 lilikuwa limerudi, safari hii likiwa na maana. Hakuna uzi unaofupika. Nyuzi nyembamba huteleza kati ya nyuzi nene, zikaingiliana zaidi, na msuli mzima hufupika ingawa kila kilichomo ndani yake kina urefu wake uleule.

Sehemu moja ya mpangilio huo, kutoka mpaka hadi mpaka, huitwa sarkomia, na ina urefu wa mikromita 2.5 hivi. Seli ya msuli yenye urefu wa sentimita 10 huwa na sarkomia zipatazo 40,000 zilizofuatana. Kila moja ikifupika nusu mikromita tu, seli nzima hufupika sentimita 2. Nguvu ya kuteleza hutoka kwenye vichwa vidogo vya mayosini vinavyochomoza kwenye uzi mnene, zaidi ya mia mbili kwa kila uzi. Kichwa hushika aktini, hujipinda na kuivuta nanomita chache, huachia, hujinyoosha, kisha hushika tena mbele. Ni kazi ya wavuvi wanaovuta juya pwani: mikono mingine ikiachia kamba ili ishike mbele zaidi, mingine imeishikilia, na kamba hairudi nyuma. Mwaka 1966 Andrew Huxley na wenzake walithibitisha maelezo hayo kwa kuinyoosha seli ya msuli hatua kwa hatua. Kadiri nyuzi zilivyozidi kuachana, nguvu ilipungua kwa uwiano, na zilipoachana kabisa nguvu ikawa sifuri.

Watu wengi hudhani kwamba ATP hutumika kwa kushika. Kinyume chake ndicho kweli: ATP inapoingia katika kichwa cha mayosini, kichwa huachia. Ndiyo maana maiti hukakamaa saa chache baada ya kifo. ATP imekwisha, na vichwa vilivyoshika aktini haviwezi kubanduka hadi protini zenyewe zianze kuoza, siku moja au mbili baadaye.

Lilibaki swali la amri. Umeme hufika kwenye ngozi ya seli. Nyuzi ziko ndani. Nani huzipelekea habari? Dalili ya kwanza ilikuwa imepatikana kwa bahati. Mnamo 1882 Sydney Ringer wa London aliona moyo wa chura ukidunda vizuri katika maji yake ya chumvi, kisha akagundua kwamba maji hayo yalitengenezwa kwa maji ya bomba. Alipotumia maji yaliyosafishwa kabisa, moyo ulisimama. Kilichokosekana kilikuwa kalsiamu. Katika miaka ya 1950 Setsuro Ebashi wa Tokyo alishikilia kwamba kalsiamu ndiyo swichi ya kila msuli, na wanasayansi wengi wa Ulaya na Marekani hawakumsadiki. Sababu moja ni kwamba kemikali na vyombo vya maabara vilikuwa na chembe za kalsiamu, kwa hiyo majaribio mengi yalionekana kufaulu bila hata kuiongeza. Ebashi hakurudi nyuma. Mwaka 1965, pamoja na Ayako Kodama, alitenga troponini, protini inayokaa juu ya uzi wa aktini. Msuli ukitulia, kalsiamu karibu na nyuzi zake ni pungufu mara 10,000 hivi kuliko nje ya seli, kwa kuwa imevutwa na kufungiwa ndani ya vifuko vya seli. Umeme ukifika, vifuko hufunguka, kalsiamu hushika troponini, na vichwa vya mayosini hupata njia ya kuifikia aktini. Kalsiamu ikirudishwa vifukoni, msuli hulegea. Wawindaji wa Kikamba na wa Kigiriama waliopaka mishale yao utomvu uliochemshwa wa msunguti walikuwa wakitumia mlango huohuo pasipo kuuona: sumu ya mti huo, wabaini, huzuia pampu inayoondoa sodiamu katika seli za moyo, kalsiamu hujaa ndani, na moyo hupoteza mpangilio wa mapigo yake.

Misuli haikuumbwa sawa. Louis Ranvier alionyesha mnamo 1873 kwamba misuli myekundu ya sungura hukaza taratibu na ile myeupe hukaza haraka. Tofauti hiyo huonekana wazi kwenye sahani, baina ya paja na kidari cha kuku. Seli za polepole zina mayosini isiyo na haraka na mitokondria nyingi zinazotumia oksijeni, nazo hazichoki upesi. Za haraka zina nguvu kubwa ya muda mfupi. Bengt Saltin wa Sweden, aliyechukua vipande vidogo vya misuli kutoka miguuni mwa wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia na kuchapisha matokeo mwaka 1995, hakukuta tofauti kubwa katika uwiano wa seli hizo. Matokeo hayo yangepaswa kunukuliwa kila mtu anapodai kwamba ushindi wa Wakenya umejificha katika aina ya msuli waliozaliwa nao.

Misuli laini ya utumbo, mishipa ya damu na mfuko wa uzazi haina mistari, kwa kuwa nyuzi zake hazikupangwa kwa safu, na swichi yake ya kalsiamu iko upande wa mayosini. Lakini kuteleza ni kulekule. Mwaka 1983 Michael Sheetz na James Spudich walionyesha punje ndogo zilizopakwa mayosini zikitembea zenyewe juu ya aktini, na mwaka 1994 nguvu ya molekuli moja ya mayosini ilipimwa kwa miale ya leza.

Elimu hiyo imefika hospitalini kupitia moyo. Mwaka 1990 iligunduliwa kwamba ugonjwa wa kurithi unaonenepesha ukuta wa moyo, ambao huua ghafla hata vijana wanamichezo, unaweza kusababishwa na hitilafu katika jeni ya mayosini ya moyo. Katika wagonjwa wengi, vichwa vingi mno hushika kwa wakati mmoja. Dawa ya mavacamten, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, huvifanya baadhi ya vichwa hivyo vibaki vimepumzika. Kwa kuwa inapunguza nguvu ya moyo kwa makusudi, wanaoitumia hupimwa moyo mara kwa mara kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na dawa husimamishwa pindi moyo unapoanza kuvuta kwa unyonge.